Kuchaguliwa na Kuchagua



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa karibu katika kila nyumba ya watu wetu hapa Johannesburg, kuanzia Yeoville na Bertrams hadi Mayfair na Rosettenville: ni kitu gani kinachowasukuma vijana wetu kusoma, na ni kitu gani kinachowafanya wachague kazi hii na kuiacha ile? Nimekubali kwa moyo mkunjufu, ingawa najua wapo wazee wenzangu ambao hawatapendezwa na nitakayoyasema. Nawaomba radhi mapema. Ninasema kama mzazi aliyekosea, wala si kama mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenziwe.

Nianze na neno moja ambalo sote tunalijua. Kule kwetu Tanzania, mtoto alipofaulu mtihani wa darasa la saba tulikuwa tukisema, "Amechaguliwa." Mtoto wa fulani kachaguliwa kwenda Galanos, mtoto wa fulani hakuchaguliwa. Hakuna aliyesema kwamba mtoto amechagua. Na lugha ilisema kweli. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na aliyezipata alisindikizwa na mtaa mzima kama bwana harusi. Akimaliza kidato cha sita alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na baada ya hapo aghalabu Serikali ndiyo iliyoamua wapi panahitajika mtu.

Mimi mwenyewe nilichaguliwa kwa namna hiyo hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Basi vijana wengi tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa, tukafundishwa ualimu huku tukifundisha. Hakuna aliyeniuliza kama napenda kazi ya chaki. Wala mimi sikujiuliza. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba mchagua jembe si mkulima: ukipewa jembe, lima. Nikalima, na baada ya miaka michache nikaipenda kazi hiyo kwelikweli. Kwa hiyo sisemi kwamba kuchaguliwa kulikuwa kubaya. Kulikuwa ndiyo desturi ya wakati wake.

Lakini mwaka 1998 tukahamia huku. Hapa hakuna Wizara itakayomwambia mtoto wako nenda kule, kafanye hiki. Hapa mtoto anatakiwa achague mwenyewe, tena achague mapema. Basi sisi wazazi tulifanya nini? Tulikalia kile kiti cha Wizara! Tukaanza kuwapanga watoto wetu kama tulivyopangwa sisi: wewe utakuwa daktari, wewe mhandisi, wewe mwanasheria. Tofauti ni moja tu. Serikali iliyotuchagua ilikuwa na kazi mkononi ya kutupa. Sisi hatuna kazi ya kumpa mtu. Tunacho cheo tunachokitamani tu.

Sasa nitawaeleza yaliyonipata. Wengi wenu mnayajua nusu yake, na afadhali mkayajua yote.

Mwanangu wa kwanza alifaulu matriki mwaka 2011, na alama zake za Hisabati zilikuwa nzuri. Nikasema atakuwa mhandisi. Akaingia chuo kikuu mwaka 2012. Mimi wakati huo nilikuwa natengeneza umeme wa magari, na mama yake alikuwa akiamka saa kumi za usiku kukaanga maandazi ya kuuza katika soko la Yeoville. Kila Jumapili tulipokaa kula, nilimkumbusha kijana gharama ya muhula. Nilimtajia ada, nilimtajia nauli, nilimtajia mikono ya mama yake iliyobabuka kwa mafuta. Niliamini kwamba namtia moyo. Niliamini kwamba mtoto akijua ametolewa jasho kiasi gani, atasoma kwa bidii zaidi.

Mwaka wa pili alishindwa mitihani, chuo kikamwondoa. Hakutuambia. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi aliendelea kutoka asubuhi na mkoba wake, akirudi jioni. Mwanzoni alikuwa akishinda maktaba ya mjini. Kisha akaanza kumsaidia fundi mmoja wa majokofu kule Jeppestown. Siku moja ya mwaka 2014 nilikwenda Fordsburg kununua viungo vya pilau, nikamkuta juu ya ngazi, ameshika bisibisi, anafungua mashine ya baridi ya duka. Alishuka akanisalimu, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Nilirudi nyumbani bila viungo.

Usiku ule nilimwuliza kwa nini alituficha. Akanijibu kwa utaratibu, bila kupandisha sauti: "Baba, bei ya kila muhula naijua kwa moyo. Ningekwambiaje?"

Ndugu zangu, nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Nadhani ndani yake mna jibu la swali aliloniuliza mhariri. Sisi wahamiaji tunaamini kwamba msukumo mkubwa wa mtoto ni kujua deni lake kwetu. Naam, deni linasukuma. Lakini linamsukuma mtu kama mwenye nyumba anavyomsukuma mpangaji: kulipa, na akishindwa kulipa, kujificha. Mtoto anayesoma kwa ajili ya deni hachagui kazi anayoiweza. Anachagua kazi ambayo jina lake litatosha kulipia maandazi ya mama. Na siku masomo yanapomshinda, hawezi kuja kwako, kwa sababu wewe ndiwe mdai. Wale tunaopaswa kuwa kimbilio lake tumegeuka kuwa wakusanya madeni.

Vijana wa hapa wana jina lao kwa ule mzigo wa mshahara wa kwanza, ambao kabla haujafika mfukoni umekwisha kugawanywa kwa ndugu, binamu na ada za wadogo. Huuita kodi ya weusi. Nasi tunayo hiyo kodi, tena yetu ina tawi la Tanga, la Mombasa na la Bukavu. Sisemi kwamba watoto wasitusaidie. La hasha! Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na sisi ni watu wa ukoo. Ninachosema ni kwamba kusaidia ndugu ni tunda la kazi. Tukiligeuza likawa ndiyo mbegu, mti hautaota.

Nina kosa la pili, na hili linaniuma zaidi, kwa sababu halikuwa la mapenzi yaliyozidi bali la kutotazama.

Hapa Afrika Kusini mlango mkubwa hauko darasa la kumi na mbili, kama wengi wetu tunavyodhani. Uko mwisho wa darasa la tisa, wakati mtoto ana miaka kumi na minne au kumi na mitano. Hapo ndipo anapochagua masomo ya darasa la kumi. Tangu mwaka 2006 kila mwanafunzi anayeingia darasa la kumi lazima achukue Hisabati yenyewe au ile Hisabati ya matumizi ya kila siku, ambayo watoto wetu huiita masi-liti. Katika shule za ufundi iko pia Hisabati ya Kiufundi. Masi-liti si somo la kipuuzi. Linafundisha bajeti, riba na kusoma ramani. Lakini mwenye matriki ya masi-liti hawezi kuingia udaktari, uhandisi, ufamasia wala uhasibu ule wa juu. Na akishaanza darasa la kumi bila Hisabati, kurudi nyuma ni kazi ngumu sana. Shule nazo wakati mwingine humshauri mtoto dhaifu ahame, kwa kuwa matokeo ya shule yatapendeza zaidi.

Fomu ya mwanangu wa kiume niliisoma mara tatu. Fomu ya binti yangu, mwaka 2014, niliitia sahihi juu ya boneti ya gari nikiwa na mikono ya grisi, bila kuisoma. Ule ndio mwaka ambao akili yangu yote ilikuwa kwa kaka yake. Mwaka 2017, alipokuwa anamaliza matriki, akasema anataka kuwa mfamasia. Tukaenda kuuliza, tukaambiwa hana Hisabati. Aliniangalia. Sikuwa na la kusema. Leo anafanya kazi katika ofisi ya bima na halalamiki, lakini mimi najua mlango ule niliufunga mimi kwa kalamu yangu mwenyewe. Wenye mabinti, tafadhali mlisikie hili.

Liko pia jambo la karatasi, ambalo kwetu sisi wageni haliachani na elimu. Wazazi wengi wanamwambia mtoto asomee sheria kwa sababu ni kazi ya heshima. Je, wanajua kwamba kwa sheria ya mwaka 2014 wanaokubaliwa kuwa mawakili hapa ni raia na wenye ukaazi wa kudumu tu? Vijana wa kigeni waliokuwa wamekwisha kupata shahada zao walikwenda mahakamani kulipinga jambo hilo, na mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria hiyo ni halali. Hali kadhalika mfuko wa Serikali wa NSFAS: tangu mwaka 2018 umekuwa ukigharimia masomo ya watoto wa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka, lakini ni kwa raia na wakaazi wa kudumu. Ni wajibu wetu kuyajua haya kabla ya kumwotesha mtoto ndoto.

Wengine nao wanafanya kinyume chake. Wanachukua ile orodha ya ujuzi adimu ya Wizara ya Mambo ya Ndani na kumchagulia mtoto humo, ili apate kibali. Sawa, kibali ni kibali. Lakini orodha iliyotolewa Februari 2022 iliwaacha nje madaktari, na Agosti mwaka huo huo ikarekebishwa wakaongezwa. Elimu ya udaktari hapa ni ya miaka sita, mbali na miaka ya mazoezi. Mtoto atakayeianza kwa ajili ya orodha peke yake atashika nini siku orodha itakapobadilika katikati ya safari?

Najua mzee mmoja atasema: "Zamani vijana walisoma bila kubembelezwa. Hawa wa siku hizi wamedekezwa." Basi tuutazame mfano wa zamani unaotuunganisha sisi na wenyeji wetu.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, na wakapigwa risasi. Maelfu ya vijana wakaikimbia nchi, na wengi walifika kwetu. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na mwaka uliofuata shule ikaanza. Baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Vijana wale walisoma Hisabati na sayansi, na pia walifanya kazi za shambani na za karakana. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Kwa nini wale walisoma? Hawakuwa na baba wa kuwatajia ada, maana baba alikuwa amebaki Soweto. Walisoma kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kazi inayowangoja: nchi yao itahitaji walimu, waganga na mafundi. Siwapambi. Walikuwa vijana kama vijana, na nina hakika wapo waliolikimbia jembe na waliolala darasani. Wala hatuwezi kuwaazima watoto wetu moto wa 1976, kwani nguo ya kuazima haisitiri. Lakini funzo lipo. Kijana husukumwa na kazi aliyoiona inahitajika, hasa akiambiwa kwamba yeye naye anaweza kuifanya.

Hata hapa petu nimeliona. Yuko binti mmoja wa jumuiya yetu, leo ni muuguzi. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akiwasindikiza bibi zetu zahanati, kuwafasiria, kwa sababu wao Kiingereza hawakijui. Aliona mama mzima akipewa dawa bila kuelewa anywe mara ngapi. Hakuna aliyemwambia awe muuguzi. Alikuwa ameanza kazi hiyo zamani, sisi hatukujua. Watoto wetu karibu wote wamekuwa wakalimani wetu zahanati, benki na ofisi za vibali. Je, tumewahi kuwauliza walichokiona huko?

Ninajua mtaniuliza: mtoto wa miaka kumi na minne anajua nini? Tukimwachia achague, hatachagua mpira na simu? Ni swali la haki. Na njaa ipo. Kwa hesabu za Serikali za mwaka 2024, zaidi ya asilimia 40 ya vijana wa miaka 15 hadi 34 waliokuwa katika soko la kazi hawakuwa na kazi. Huu si wakati wa kumwambia mtoto afuate moyo tu. Lakini mapenzi ya kazi huja baada ya kuishika. Mimi chaki niliipenda baada ya kuishika, na mwanangu bisibisi vivyo hivyo. Basi tuwape nafasi ya kushika kazi mbalimbali kabla ya fomu ya darasa la tisa, si baada yake.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu kwa familia zetu.

Kwanza, kila mtoto akifika darasa la tisa, familia ikae pamoja kabla ya Juni, iisome ile fomu neno kwa neno, pamoja na mtu mmoja anayezijua shule za hapa. Mabinti kama wavulana. Tunaweza kuchangia mihogo na harusi, hatuwezi kushindwa kuchangia jioni moja.

Pili, wakati wa likizo kila mtu mzima mwenye kazi amchukue kijana mmoja wa nyumba nyingine, akae naye wiki moja kazini. Tunao washonaji, waokaji, wahasibu, mafundi bomba, walimu, madereva. Amwonyeshe kazi, na amwambie ukweli wake wote: inalipa kiasi gani, inaumiza wapi, na yeye mwenyewe aliacha nini ili aifanye. Mimi mwanangu hakuwahi kuniona nikifundisha. Alinijua kama mtu wa grisi, aliyechoka na kutaja bei.

Tatu ni juu ya kitabu hiki hiki. Fungueni ukurasa wa pongezi wa mwaka wowote. Mtaona majoho na kofia. Mwokaji hayumo, fundi hayumo. Mwaka 2018 mwanangu alifaulu mtihani wa ufundi wa majokofu unaotambuliwa na Serikali, na leo ana gari lake la kazi na wasaidizi wawili. Mhariri wa wakati ule aliniomba picha. Nikamwambia nitaitafuta. Picha ilikuwa ukutani kwangu, mita mbili kutoka kwenye simu. Niliona haya kuiweka pamoja na majoho ya watoto wenu. Yeye aliujua ukurasa ule, aliutazama kila mwaka, na hakuniuliza neno.

Watoto wadogo nao wanausoma ukurasa huo. Huo ndio unaowafundisha ni nani katika ukoo huu anayehesabiwa, kuliko hotuba zetu zote za Jumapili.

Mwaka huu picha nimeipeleka. Amevaa ovaroli ya buluu, na mama yake amesimama kando yake. Namwomba mhariri aiweke mahali pake, na nawaomba wazazi wenzangu wenye picha kama hizo kabatini wazitoe.

Nawatakieni nyote mwaka wa heri, afya njema na ujirani mwema.

Ni mimi mzee wenu,
wa Rosettenville.